Ukurasa wa Mwisho

Kitabu kimeletwa mezani kwangu kikiwa hoi,
uti wa mgongo umekatika, jalada linaning'inia kwa uzi,
na mimi, fundi wa vitabu wa maktaba hii ndogo kando ya mto Ill,
nimepewa wiki moja nikifufue.

Hapa Alsace kisa chenyewe hakisimuliwi, hukumbushwa tu.
Korongo anaombwa na mtoto mgonjwa asihame na wenzake.
Anakubali.
Majani yanapukutika, juu ya kanisa kinabaki kiota kimoja chenye mwenyewe.
Mtoto anapona, hilo halina ubishi:
mgeni njoo, mwenyeji apone,
ila wahenga hawakusema mgeni ataondoka vipi.
Kisha theluji. Kisha picha isiyo na neno hata moja:
nyayo za ndege hadi katikati ya shamba jeupe,
na hapo zinakoma.

Aliruka, au aliliwa?
Watu wazima wamenuniana kwa swali hilo.

Bi Odile Muckensturm, mwalimu wa miaka thelathini na minane,
alifundisha kwamba aliruka,
na aliyesema vinginevyo alisimama akitazama ukuta.
Thiébaut muokaji hadi leo hasikii.
Mbweha, anasema, akiuzaba unga kofi.
Baba yake alifuga kuku, na nyayo za kuku wale
zilikoma hivyohivyo, ila palikuwa na damu,
na mchoraji kaificha damu
kwa kuwa watu wa Paris hudhani theluji hufua.

Lurdes, binti wa mwashi Mreno, hakuuliza habari za korongo.
Baba yake alijifunzia Kifaransa humu,
kidole chini ya kila neno, saruji kwenye kucha,
na alilia pasipomliza mtu mwingine:
pale kundi linapofika kusini,
linahesabiana,
linajikuta limepungua mmoja.

Pembezoni mwa ukurasa wa kumi na tatu, kwa penseli ya kitoto:
*Kwa nini hakumwambia nenda?*
Chini yake, kwa wino, mkono mwingine, mwaka mwingine:
*Kwa sababu alikuwa mgonjwa.*
Na chini kabisa, kwa kijani:
*Mgonjwa naye huwa mchoyo. Nilikuwa mmoja wao.*

Nilikaa na maneno hayo hadi gundi ikakauka kwenye brashi.

Kwetu kisa kiliishia ghalani, korongo kafungia mdomo ubawani.
"Wakalala," mama alisema, akafunga kitabu, akanivuta blanketi.
Nilikuwa na miaka ishirini na sita, siku yangu ya kwanza ya kazi hii,
nilipofunua nikakuta ukurasa mmoja zaidi.
Nikampigia simu.
Alinyamaza, nikasikia sufuria ikifunikwa.
"Ulikuwa na pumu," akasema. "Ningekuambia nini?"

Sikuwa na jibu. Sinalo.
Nimeshona karatasi, nimebandika kitambaa kipya mgongoni,
nimekwangua jamu ya plamu iliyoganda kwenye picha ya karamu.
Imebaki picha ya theluji.
Kuna mtu ameichezea: kutoka ukingo wa pili wa shamba
amechora kwa penseli nyayo za viatu vidogo,
za mtu anayekimbia, kisigino hakionekani,
zikielekea pale zinapokoma zile za ndege.
Na kuna mwingine aliyejaribu kuzifuta,
akafika nusu, akaacha.

Kanuni ya kazi ni fupi: penseli hufutwa.
Nimeshika kifutio tangu saa nane.
Nje wanafagia theluji ya kweli, chafu, ya barabarani.

Nimekirudisha kifutio mtotoni mwa meza.
Kesho kitabu kinarudi rafuni, namba ileile.
Wa kwanza kwenye orodha ni Solveig Wurth, miaka saba.
Nilimwona jana akisubiri mlangoni na babu yake,
skafu hadi puani,
akikohoa.